Aliyeniita Porini

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Huku Malindi sote wazima, na dada yako kajifungua salama. Umeniuliza kwa nini ile riwaya uliyoniletea, ya msichana aliyepotea msituni, nimeiacha katikati.

Utotoni nilipotea nikiokota kuni porini Kizimkazi. Nikasikia sauti ya baba ikiniita. Lakini bibi yangu alitukanya: porini usiitike mpaka uitwe mara tatu, shetani huishia mbili. Nikajiziba mdomo. Ikaita tena, mbali zaidi. Ya tatu haikuja. Nikaitika "Naam", maana kimya kile nilikiogopa kuliko shetani.

Majani yakachakarika nyuma yangu. Alikuwa baba, analia.

Msichana wako kashaitwa mara mbili. Siwezi kufunua ukurasa. Nisomee wewe, uniambie kama kaitika.

Bibi yako