Nyigu wa Hanneke

Chuoni, 3 Machi

Baba mpendwa,

Hujambo? Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya huku bado haijakubali kuondoka. Msalimie mama, umwambie soksi zimefika.

Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu husikii, na unachokisikia unakibishia. Ruzuku inayoendesha maabara yetu hutoka serikali kuu, na inakwisha Juni. Sasa Washington wanataka kukata fedha za utafiti. Wakizikata, profesa anafunga mlango, nyigu ninaowafuga humo kwa utafiti wanakufa, nami narudi nyumbani bila shahada ya uzamivu. Kwa hiyo wiki ijayo wanafunzi tunakwenda bungeni kuwasihi wabunge. Mimi nimepangiwa wa kwetu, Mheshimiwa Rademaker, huyohuyo unayempigia kura. Niombee.

Binti yako,
Hanneke

Leelanau, 8 Machi

Mwanangu Hanneke,

Salamu nyingi. Magoti yanauma kwa zamu, leo ni zamu ya kushoto. Mama yako hajambo.

Sitakuficha. Niliposoma kwamba ruzuku huenda ikaisha, nilifurahi kidogo. Chumba chako kipo, miti ya cheri ipo, na mimi nazeeka. Tena sikutoa kodi ili watu wafuge nyigu. Rademaker nampigia kura kwa sababu aliahidi kubana matumizi, na wewe unakwenda kumwambia abane kwa wengine, si kwako. Kweli kila mwamba ngozi huvutia kwake.

Lakini ukienda, chana nywele na usikubali kukatizwa maneno. Akina Terpstra hatuombi tukiwa tumeinamisha kichwa.

Baba yako

Washington, 14 Machi

Baba,

Shikamoo. Afya ninayo, akili ndiyo sina hakika nayo. Nimeharibu.

Mbunge hakuwapo. Tulipokewa na msaidizi wake, kijana mwenye tai nyembamba, tena tukiwa tumesimama ukumbini maana ofisi ilijaa watu. Nilianza vizuri. Nikamweleza kuhusu nzi anayetaga ndani ya cheri, na nyigu wadogo wanaoua mabuu yake, na kwamba kazi hiyo yote hufanywa na wanafunzi kama mimi. Akapendezwa. Akauliza, "Kwa hiyo hawa nyigu wataziokoa cheri za Leelanau?"

Baba, alitaka "ndiyo" tu. Nikamwambia, "Hatujui bado." Kisha nikamtajia kila sababu inayoweza kuwafanya washindwe, maana ndivyo tunavyofunzwa, utaje mashaka yako kabla hajayataja mwingine. Mwenzangu Priyanka akanikanyaga mguu. Nikamwomba radhi kwa kumzuia njia, nikaendelea.

Yule kijana akatushukuru kwa kuja, akatuonyesha lifti. Naona aibu mpaka sina hamu ya kula.

Hanneke wako

Leelanau, 19 Machi

Mwanangu,

Pole sana. Nimecheka hadi mama yako akatoka jikoni kuniangalia. Umekwenda kuuza ng'ombe, ukaanza kwa kumwonyesha mnunuzi kidonda.

Basi, yamekwisha. Mama ananunua mapazia mapya ya chumba chako, na mimi nimeshawaambia majirani kwamba mavuno ya mwaka huu tuko wote. Kula.

Baba yako

Chuoni, 2 Juni

Baba,

Hamjambo huko? Mbona kimya chote hiki? Huku kuna jambo la ajabu. Bajeti imepita bila fedha za utafiti kukatwa, na Rademaker ameipigia kura ya ndiyo. Ruzuku yetu imeongezwa miaka mitatu. Profesa alipopiga simu kushukuru, yule kijana wa tai akamwambia mbunge alibadilishwa msimamo na mzee mmoja kwenye kifungua kinywa cha kuchangia kikosi cha zimamoto, huko Leelanau, jina lake Terpstra.

Akina Terpstra wa huko ni wangapi, Baba? Ulisema nini?

Binti yako mwenye maswali,
Hanneke

Leelanau, 6 Juni

Mwanangu Hanneke,

Sisi wazima, na cheri zimeanza kuvimba.

Ndiyo, ni mimi. Nilikwenda kula pankeki, na kumpongeza Rademaker kwa kubana matumizi. Akasimama akasema hao wanafunzi wanaoomba fedha za umma hawajui hata kama kazi yao itafaa, mmoja alikiri mwenyewe ofisini kwake. Watu wakacheka. Hata mimi nilikuwa nimekucheka, lakini mimi ni baba yako.

Nikainuka na sahani yangu mkononi. Nikasema, "Mheshimiwa, huyo ni mwanangu. Miaka yote nanunua dawa ya wadudu kwa watu wanaojua. Kila msimu wanajua, na kila msimu cheri zangu zina mabuu. Huyu ndiye wa kwanza kuniambia hajui, na ndiye peke yake anayetafuta. Kodi yangu mpe yeye."

Jirani yetu Bakker, ambaye hatusalimiani naye tangu ule ugomvi wa uzio, akapiga makofi. Wengine wakafuata. Rademaker akaacha pankeki yake, akaja kuketi mezani kwangu, tukazungumza juu ya nyigu hadi meza zikafutwa. Nilimweleza vibaya, lakini nilimweleza.

Ningekaa kimya, ungekuwa hapa mwezi wa saba, ukiendesha trekta huku ukinibishia. Nilijua hilo kabla sijainuka. Ninahuzunika, na ninajivuna, na mama yako anasema uso wangu hausomeki.

Mavuno nimewapa vibarua. Wewe usirudi mpaka ujue.

Baba yako