Wote Hawakuokolewa

Wifi yangu mpenzi,

Jana kwenye simu nilikuambia mumeo yu hai, tukalia mpaka laini ikakatika. Mguu umevunjika, ulimi mzima. Ameshagombana na wauguzi kuhusu uji.

Sikukueleza hili. Asubuhi ya jana hiyo kampuni ya Kijapani inayochimba handaki ilituma ofisini kwetu taarifa niitafsiri: handaki limeporomoka, na “wote hawakuokolewa.” Kijapani, kama lugha yetu, huweza kusema hivyo kikimaanisha hakupona hata mmoja, au wamepona baadhi tu. Kaka alikuwa kati ya wafanyakazi tisa waliokuwa ndani.

Bosi akasema, “Andika hakuna aliyepona. Familia zinasubiri.”

Nilikataa. Uliponipigia nikakudanganya kwamba sijapata habari, na karatasi ninayo mkononi. Nisamehe.

Adhuhuri ukaingia ujumbe wa Kichina kutoka handakini, bila jina, wenye habari ile ile. Kwa Kichina kanusho, yaani neno la “si,” likitangulia “wote,” wapo waliopona, likifuata, hakuna. Nilifuatisha mstari kwa kidole. Kanusho lilitangulia. Nikapiga namba iliyoutuma, akapokea fundi wa Kichina, mmoja wa wale tisa, nikamuuliza habari za kaka.

“Tumetoka saba,” akasema. “Kaka yako alinisukuma nje, jiwe likamwangukia yeye mguuni.”

Wake za wale wawili niliwapigia mwenyewe. Mmoja akauliza, “Una hakika umesoma vizuri?” Nikamjibu ndiyo.

Kaka anarudi Alhamisi. Usimwandalie maswali, mwandalie kiti cha kunyooshea mguu.

Ni mimi wifi yako, ambaye leo nimekula nikashiba.