Maduara ya Miti Nyuma ya Makere

Elia, mjukuu wangu na mume wangu,

Huku Makere hatujambo. Mama yako ameshaanua maharage, na goti langu limepunguza kelele.

Umeuliza kwa nini ramani ya simu yako inaonyesha maduara ya miti katikati ya msitu, pasipo jina lolote. Ile ni mivumu, miti tuliyozungushia nyumba zetu. Tulipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa nyumba zilibomolewa, miti ikabaki. Waliochora ramani baadaye wakaandika "Msitu", basi.

Nilipokuwa msichana nilirudi huko na mama yangu kutafuta kuni. Mbele ya duara letu alitua kikapu, akapiga hodi. Nikacheka, maana ndani mlikuwa na nyasi tu. Yeye akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza, kisha akaninong'oneza, "Leo hapana. Wana wageni."

Tukarudi mikono mitupu.

Wazee wetu wamezikwa mle. Ukiikuza tena picha hiyo kwa vidole vyako, utaona upande wa magharibi miti imeachana kidogo. Hapo ndipo mlangoni petu. Usiingie kabla hujapiga hodi, na ukishapiga, sikiliza.

Bibi yako