Buzuki na Mkono wa Mwimbaji

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu kutoka Greenbelt. Bibi yako hajambo, analalamika tu kwamba hupigi simu. Mama yako karudi sasa hivi, hoi kwa foleni ya magari ya barabara kuu ya Beltway.

Unaniuliza kama nami niliogopa siku ya kwanza kupiga buzuki, ala yetu hii ya nyuzi yenye shingo ndefu, mbele ya Waayalandi. Niliogopa sana. Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimehamia mji wa Falls Church, na nyimbo zao nilizijua nusunusu. Sisi tulilelewa na taarabu; mwimbaji akivuta pumzi, udi unamjibu. Basi mle ukumbini bibi mmoja mzee akaanza kuimba peke yake, akatua kidogo, nami nikamjibu kwa buzuki.

Ukumbi mzima ukanigeukia. Kumbe kwao wimbo wa namna ile hausindikizwi na ala yoyote. Yule bibi akafumbua macho, akaninyooshea mkono. Nikajua anataka kuninyang'anya buzuki. Hakuigusa. Alinishika mkono, akaendelea kuimba huku akiuzungusha taratibu, kama ilivyo desturi yao mwimbaji kushikana mkono na msikilizaji.

Zuhura, mkono wake ulikuwa wa baridi kuliko wangu, na ulitetemeka mpaka wimbo ulipokwisha. Naye, walivyoniambia baadaye, alikuwa akiimba pale tangu usichana wake.

Kwa hiyo sikwambii usiogope. Ijumaa zamu yako ya kupiga ikifika, nami huku nitakuwa naogopa pamoja nawe.

Babu yako