Msingi wa Mawe wa Bazilio

Makere, Kasulu

Kaka Niyongabo,

Amani ya Bwana ikufikie huko Tabora. Sisi wazima, maharage yamekubali.

Bazilio, uliyempa shamba alime kwa muda, anajenga banda kubwa la majembe na mahindi. Nilimkumbusha kwamba mgeni wa ardhi hujenga juu ya nguzo. Msingi wa mawe ni wa mwenye shamba. Akacheka: "Dada Pelagia, mchwa hawali mawe!" Nikampa matofali ya kuinulia nguzo, mchwa wasifike. Akayakataa. Hapo nikashtuka.

Leo kaleta mawe, na mchungaji wa kuyaombea. Mchungaji akaniuliza, "Ardhi ni yake?" Nikajibu, "Ni ya kaka yangu." Akafunga Biblia, akaondoka.

Njoo upesi, kaka, kabla Bazilio hajapata mchungaji mwingine.

Dada yako katika Kristo,
Pelagia