Kisanduku Changu Juu ya cha Baba

Kijiji cha Bomondo,
S.L.P. 12, Nyamira.
15 Julai 1973.

Mpendwa shemeji Josiah,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu milimani. Natumaini wewe, Orpah na watoto mko wazima huko Mombasa, na joto halijawamaliza. Mguu wako umepona? Huku tunapumua tu. Mvua ya mawe iliangusha migomba mitatu nyuma ya jiko, lakini mahindi yamesimama.

Nakuandikia nikiwa peke yangu nyumbani. Dada yako Bonareri aliondoka wiki iliyopita na mtoto, akaenda kwa mama yenu huko Nyamache. Hakunitukana. Alifunga nguo zake akaenda, nami sina uso wa kumfuata.

Telegramu niliyokutumia ilisema baba yako amefariki kwa ajali kazini. Telegramu ina nafasi ya maneno machache, nikajificha humo. Najua ilikufikia tukiwa tumeshamzika. Mficha uchi hazai, kwa hiyo soma yaliyobaki. Ukitaka kuichana barua hii, tafadhali ifikishe mwisho kwanza.

Unakumbuka nilivyokuandikia kwa majivuno mwezi wa Machi kwamba nimefanywa msimamizi wa zamu pale kwenye kiwanda cha chai, yaani nyapara. Baba alikuwa papo hapo, akisafisha mashine na kuzipaka grisi. Aprili akaja meneja mpya. Wiki yake ya kwanza alibandika ukutani karatasi kubwa iliyochorwa visanduku na mistari, akaiita chati. Juu kabisa kisanduku chake, chini yake fundi mkuu na karani, kisha sisi wasimamizi, kisha watu wengine wote. Akatueleza kwamba mstari ndio njia: amri hushuka nao, majibu hupanda nao, na mtu asiuruke wala asiuzunguke. Akauliza kama tumeelewa. Tukaitikia ndiyo bwana, kama watoto wa darasa la kwanza.

Mimi nilielewa upesi, maana niliona mstari ukitoka kwangu ukishuka moja kwa moja hadi kwa Obwocha, baba yako. Baba hakujua kusoma. Alimwomba Mogire, mfanyakazi mwenzake, amwonyeshe alipo. Alipoonyeshwa akasema, "Hizi ni nyumba? Basi mkwe wangu amejenga juu ya boma langu. Nani alimpa ruhusa?" Watu walicheka. Mimi nilijifanya natazama saa.

Wewe ni mtoto wa Gusii, huhitaji kufundishwa chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya na wakwe. Mzee aliyenipa mke sikuwahi hata kumtazama machoni, sembuse kumwamrisha. Kwa hiyo nikitaka afanye jambo, nilimwambia Mogire, naye Mogire akamwambia. Ningeweza kumweleza meneja nihamishiwe zamu nyingine. Sikwenda, shemeji. Nilikipenda kile kisanduku. Kila asubuhi nilikipitia kukitazama kabla sijavua koti.

Tarehe ishirini na nane Juni fundi mkuu aliniambia kwamba saa nne wataiwasha mashine ya tatu kuijaribu, mtu asiiguse. Na saa hizo ndizo baba huisafisha. Mogire hakuwepo, alikuwa amekwenda na lori kuchukua majani vituoni. Nikamkuta baba ameinama akikoroga grisi. Nikasimama hatua tano kutoka kwake, nikampa mgongo, nikamwambia Bosibori anayefagia, kwa sauti ya juu, "Mashine ya tatu isiguswe na mtu, itawashwa saa nne!" Wajua ndivyo tunavyosema na mkwe: unamwambia mwingine ili mwenyewe asikie. Feni za kunyausha majani zilikuwa zinanguruma. Nikasikia baba akikohoa, nikakifanya kikohozi hicho kuwa jibu, nikaenda zangu.

Mashine ilipowashwa, mkono wake ulikuwa ndani. Alikufa njiani, kabla gari halijafika hospitali ya Kisii. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu, na hapo ndipo tulipotazamana machoni kwa mara ya kwanza.

Siku ya pili baada ya mazishi meneja aliniletea ripoti. Ilisema marehemu alipewa amri na msimamizi wake, kama chati inavyoonyesha, akakaidi. Nikatia sahihi. Mzee aliyekuwa akifika kazini kabla ya askari wa lango, nikamwandika mkaidi naye yuko kaburini, hana kinywa cha kujitetea.

Bonareri alisikia habari ya karatasi hiyo. Akaniuliza, "Ulimwambia wewe mwenyewe?" Nikaanza kueleza habari za chinsoni, na Mogire, na lori. Akasema, "Na hiyo heshima mbona haikukuzuia kutia sahihi?"

Ijumaa nilikwenda kwa meneja nikaomba ripoti irudi. Akasema nikibadilisha maneno, kosa litakuwa langu na kisanduku changu kitaandikwa jina jingine. Nikamwambia aandike. Nimeiandika ripoti upya kwa mkono wangu, na Bosibori ameweka kidole gumba kuwa shahidi. Kazi imekwisha. Hilo haliniumi hata kidogo. Ninamlilia baba mpaka kifua kinauma, shemeji, na mimi ndiye mtu wa mwisho anayestahili kumlilia.

Amebaki mama. Mama Bathsheba ameambiwa sokoni kwamba mumewe alikufa kwa ukaidi, na tangu siku hiyo hataki kutoka nje. Nilipoanza barua hii nilitaka kukuomba umwandikie wewe umweleze ukweli, maana mkwe hasimami mbele ya mama mkwe akamsemesha mambo kama haya. Nimefika hapa nikaona ninachofanya: namtafuta Mogire mwingine. Basi usimwandikie. Kesho nakwenda Nyamache mwenyewe. Nitasimama mlangoni pake, nitamtazama usoni, nitamwambia kwa kinywa changu kwamba mumewe hakukaidi amri, kwa sababu hakuna aliyempa.

Nisalimie Orpah, na watoto, na mzee Ombui jirani yenu. Mungu aliyempokea baba akufute machozi ambayo mimi sithubutu kuyafuta.

Wako akupendaye, atakayekuita shemeji mpaka siku utakapomkataza,

Ombati.