Niliandika Homa Yangu Kwenye Karatasi ya Mama Mkwe

Uvira, mwezi wa nane 1955

Mama Félicité mpendwa, unipokee gazetini mwako na shida yangu, maana nimemtafuta mtu wa kuniambia kweli nikamkosa, na hata padri niliogopa kumweleza kwa kuwa naye alilazwa kwetu juzi na jina lake limo katika kitabu kile kile nitakachokutajia. Miye ni infirmier, muuguzi, katika hopitali moja ndogo ya huku kando ya ziwa, nina miaka ishirini na sita, sijaoa, na majina yote ninayoandika hapa nimeyageuza ili watu wasijulikane.

Dokta wetu ni Mbelgiji mmoja mrefu asiyecheka, na tangu mwaka jana anafanya utafiti juu ya sumu ya damu, ule ugonjwa unaoanzia kwenye kidonda, mtu amejikata na jembe au mama amezaa vibaya, kisha sumu inaingia damuni na baada ya siku mbili tatu muntu aliyekuja kwa miguu yake anazikwa. Penisilini iko, lakini ni kidogo, na ukingoja homa ipande sana umekwisha kuchelewa. Kwa hiyo Dokta anataka kujua ni dalili gani inayotangulia, ili sindano zianze mapema na zimpate anayezihitaji. Kila mwenye kidonda tunampima mara nne kwa siku, joto la mwili, mapigo ya moyo, na pumzi ngapi kwa dakika, na kazi ya kuandika kitabuni, kila mgonjwa na karatasi yake, ni yangu kwa sababu Dokta alisema nina mwandiko mzuri na ni mtu wa kweli.

Mwezi wa saba akaletwa Mama Léocadie, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, amechomwa na mwiba wa kambale chini ya mguu, na mama huyu ndiye mzazi wa Sabine, na Sabine ndiye niliyekwisha kutuma wajomba zangu kumposa. Unajua hapa kwetu mtu hamtazami mama mkwe machoni, akimwona njiani anaingia majanini, na Dokta wetu anataka joto lipimwe kule chini wanakopimwa watoto wachanga, kwa maana kwapani anasema kunadanganya. Nilisimama kando ya kitanda na termometa mkononi kama mtu aliyepewa nyoka ashike. Mama aligeukia ukuta, akaniambia pole pole, "Weye mwana, hiyo kitu iko ya mama aliyekuzaa. Haiko yangu."

Nikaenda nyuma ya pazia la kabati ya bandeji, nikajiweka termometa kwapani mimi mwenyewe, nikapata thelathini na sita na nukta nane, nikaiandika kwenye mstari wake. Mapigo nikaandika yangu, maana kumshika mkono nisingethubutu. Na pumzi, nikuambie kweli yote, sikuhesabu hata zangu. Yeye hanyamazi dakika moja mtu apate kumhesabu, kwa hiyo niliandika kumi na sita kila mara kwa kuwa ni namba inayopendeza. Nilifikiri itakuwa siku moja tu. Zikawa kumi na moja.

Ya kwanza kuniharibikia ilitoka kwa Sabine. Kila siku saa sita anamletea mama yake bugali, anapita mbele yangu ananisalimu, na saa sita ndiyo saa ya kupima, basi moyo wangu unapiga mara mia na ishirini nami naandika mia na ishirini. Dokta akaona kila adhuhuri mapigo ya Mama Léocadie yanapanda na saa kumi yameshuka, akaniita, akaniambia hajapata kuona jambo kama hili, pengine sumu inajificha mguuni na kutoka wakati wa jua kali. Jumapili Sabine akaenda Luberizi kwa shangazi yake, mapigo yakatulia, Dokta akaandika kwa wino mwekundu kwamba sumu hii inapumzika Jumapili.

Ya pili, nikashikwa na malaria. Nilijipima nikakuta thelathini na tisa na nusu, na kwa akili ya homa nikaandika hivyo hivyo, nikaenda kumeza kinini. Dokta alikuja mbio na kumkuta Mama Léocadie ameketi kitandani anakula ndizi na kumsengenya mke wa katekista. Hakuamini ndizi, aliamini karatasi. Akaagiza penisilini kila saa tatu kwa siku tano, na hizo, Mama Félicité, ni sindano arobaini, na mpigaji ni Mama Bernardine mkunga, ambaye mkono wake ni wa mtu anayetwanga mihogo.

Kama ingekuwa sindano tu ningenyamaza mpaka kaburini. Lakini wiki ile akaletwa Nzeyimana, mchungaji wa Mulenge, ng'ombe wake amemchoma pembe kwenye paja. Huyu nilimpima sawasawa. Siku ya tatu joto lake lilikuwa la kawaida, mapigo si mabaya, lakini pumzi thelathini na mbili, na macho yake hayakunipendeza. Nikamwonyesha Dokta. Akafungua karatasi ya Mama Léocadie, akaweka kidole, akasema, "Firmin, mama huyu alikuwa na homa kali na pumzi zake hazikubadilika hata siku moja. Pumzi hazituambii kitu. Tungoje."

Mama Félicité, hata hapo sikukiri. Nilimwomba tu amhesabu yeye mwenyewe kwa saa yake. Mara ya kwanza alikataa, mara ya pili akaitoa. Alipata thelathini na sita, na saa ingali mkononi Nzeyimana akaanza kutetemeka hata kitanda kikawa kinagonga ukuta. Sindano zikaanza pale pale. Leo ni siku ya tatu, ameomba maziwa, lakini hatujui bado. Na Dokta anaendelea kuandika taarifa yake, mwezi wa kumi madokta watakuja kutoka Bukavu na Usumbura kuisikiliza, na ndani yake iko adhuhuri ya Mama Léocadie, na iko imeandikwa kwamba pumzi zisihesabiwe tena. Nikisema nafukuzwa, na mama atajua nani alimpigisha sindano arobaini, na Sabine nimemkosa. Nikinyamaza silali. Nifanye nini?

Mwenye Haya

JIBU

Mwenye Haya, nimeisoma barua yako na kucheka hata mume wangu akaja kuuliza kama nimefiwa. Sasa nimemaliza kucheka, unisikilize.

Majina umeyageuza, lakini kambale hukumgeuza. Uvira nzima, mwezi wa saba, ni mama mmoja tu aliyelazwa kwa mwiba wa kambale, naye aliniandikia majuma mawili baada yako, na ameniruhusu kuyatoa haya. Anasema pazia la kabati yenu ni fupi na limetoboka. Tangu siku ya kwanza alikuona umejibana termometa kwapani, umefumba macho kama mtu anayesali, na alinyamaza kwa kuwa uliona haya mbele yake kama inavyompasa mkwe. Anasema pia Nzeyimana amekwisha kurudi Mulenge kwa miguu yake, basi hilo lishukuru, ingawa aliyemponya si karatasi yako. Halafu anasema sindano ni neno lingine, kwamba kila akiketi anazikumbuka moja moja, na ananiuliza akupe binti au asikupe.

Kuona haya si kosa. Mama Bernardine alikuwa wapi siku ile ya kwanza? Ungemwita, angempima mama nyuma ya pazia, na mambo yangeishia hapo. Badala yake ulichagua kujigeuza muuza ndagala wa miaka hamsini, ukaugua kwa niaba yake, ukapenda kwa niaba yake, na sindano ukamwachia yeye. Na hiyo kumi na sita yako inayopendeza ndiyo mbaya kuliko zote, maana homa angalau ilikuwa ya mtu fulani, lakini pumzi zile hazikuwa za mtu yeyote. Kesho infirmier wa Bijombo, kule milimani, atasoma kwamba pumzi zisihesabiwe, naye atakaa kando ya mgonjwa anayehema, angoje. Nzeyimana aliponea kwa kuwa weye ulikuwapo na ulijua. Bijombo hutakuwapo.

Basi fanya hivi, na uifanye siku utakayosoma gazeti hili. Chukua kitabu, usichane ukurasa, usifute. Piga mstari mmoja juu ya namba zote za Mama Léocadie, andika pembeni ni za nani kweli, na kwamba mwenye hizo alikuwa na malaria na mchumba. Kisha gonga mlango wa Dokta. Mweleze ukiwa umesimama, bila kulia, na umwombe wanawake wapimwe na wanawake. Huenda atakufukuza. Huenda pia atakumbuka wino wake mwekundu juu ya sumu inayopumzika Jumapili, na kwamba alimwona mama anakula ndizi akaamini karatasi, naye ataona ana la kwake la kunyamazia.

Kwa Mama Léocadie usiende mwenyewe, unajua haifai. Mtume mjomba wako mkubwa, na asiende na maneno matupu. Ashike mto wa kukalia, mnene, wa pamba, ulioshonwa vizuri. Nami mama huyo nimekwisha kumjibu: kijana akienda kwa Dokta, mpe binti, asipokwenda, usimpe hata kiti.

Ukitoka ofisini, kama kazi ingali yako, usikae barazani kujihurumia. Ingia ndani kwa mgonjwa wa kwanza utakayemkuta, mwombe anyamaze dakika moja, na uhesabu.

Mama Félicité